Siku Niliyomfikisha Babu Butiama Kinyumenyume

Jamani, kucheka chekeni, ila mkizidisha nitanyamaza na mwisho wake hamtausikia. Mimi Magesa, mtu mzima, mwenye duka langu, mwimba besi kwaya ya kanisa, nimewahi kuliza boma zima la wakwe zangu kilio cha msiba wa mtu ambaye alikuwa hai, tena alikuwa amekaa (sawa, amelala) pembeni yangu ndani ya gari yangu, na yote hayo ni kwa sababu ya vidude vidogo ambavyo ukivishika kiganjani unaweza kudhani ni vifungo vya koti. Mpaka leo nikikanyaga Butiama kuna watoto wananisalimia huku wanatembea kinyumenyume. Wazazi wao wanawaona na wala hawawakemei.

Nianzie kwenye gari. Baba mdogo, Mungu amrehemu, aliniachiaga gari moja ya michezo, ya zamani sana, nyekundu, milango miwili, viti viwili, iko chini chini mpaka watu wa Nyasho, kwetu Musoma, wanaiita Kamongo, eti inatambaa kwa tumbo kama yule samaki wa kwenye matope. Utani huo hauniumi hata kidogo (unaniuma sana). Ila ikiwaka, jamani, ikipita pale mjini ule mlio wake, hata anayepima dagaa anasimamisha kopo hewani ageuke kuangalia, na mimi ndani nimevaa miwani najifanya sioni mtu.

Shida yake ilikuwa bushi za linki za gia. Kwa ambaye hajui, pale unaposhika mkono wa gia kuna vyuma vinashuka chini ya gari mpaka kwenye giaboksi, na kwenye maungio ya vile vyuma wameweka vipete vya plastiki ngumu, ndizo bushi hizo, ili chuma kisigongane na chuma na gia ijue inakokwenda. Zikilika, mkono wa gia unacheza ovyo, unatafuta namba mbili unaangukia namba nne, unatafuta namba tatu huipati kabisa. Zangu zilikuwa zimelika mpaka limebaki jina tu. Fundi wangu wa Nyakato, hii ya hapa hapa Musoma, alishaagiza mpya Mwanza, akaniambia, "Magesa, hii gari iache ipumzike mpaka mzigo ufike," halafu akaenda zake msibani Tarime, gereji akapiga kufuli.

Na mimi ningeiacha ipumzike, kweli tena, kama si Vero.

Vero ni binti wa Butiama, alikuwaga anashona nguo pale Bunda mjini, na mimi nilikuwa nimempenda kupenda kule kwa kukosa usingizi. Posa ilikuwa imeshapelekwa, wazee wameshakaa, soda zimeshanyweka, limebaki neno moja tu. Baba yake Vero ni marehemu, kwa hiyo neno lenyewe lilikuwa la babu yake, Mzee Wambura, na Mzee Wambura hakuwa amesema ndiyo wala hapana. Aliposomewa posa yangu alisema, "Nitamwangalia." Basi. Akatoka nje kwenda kuangalia ng'ombe. Kabla hajapata nafasi ya kuniangalia mimi, akapigwa teke na dume lake mwenyewe, dume moja la madoa analolipenda kuliko watoto wake wa kuwazaa, mguu ukavunjika, akalazwa hospitali Bunda, na jibu langu likalazwa naye.

Sasa ikafika siku ya kuruhusiwa, Jumamosi, ukoo mzima unamsubiri nyumbani Butiama, na habari ikanifikia kwamba akishapokelewa tu, atasema neno lake. Ijumaa asubuhi Shangazi Sabina akanipigia simu. Huyu ni binti wa Mzee Wambura, shangazi yake Vero, na katika boma lile zima ndiye pekee aliyekuwa upande wangu. Akaniambia gari waliyokuwa wameahidiwa imeharibika na hajui mzee atafikaje, maana kwenye pikipiki na ile plasta ngumu ya mguuni haiwezekani.

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema, "Pole, Shangazi, nitakutafutia taksi." Mtoto wa chekechea angesema hivyo. Mimi nikasema, "Shangazi, usihangaike, mimi mwenyewe nitamleta."

"Na hicho kigari chako cha kutambaa?"

"Kiti chake kinalala chote, Shangazi. Babu atanyoosha mguu kama yuko kitandani kwake."

Akasema, "Haya. Ila nisikilize vizuri, mwanangu. Unamleta mpaka mlangoni, hushuki, huongei na wifi yangu, unageuza unarudi zako Musoma, jibu litakufuata. Ukimfikisha vizuri, nitakuwa na mdomo wa kukusemea. Ukimfikisha vibaya, hata namba yangu ufute."

Wifi yake ndiye mama yake Vero, mama mkwe wangu mtarajiwa, na mnajua wenyewe kwetu Mara mkwe na mama mkwe wanavyokwepana, ukimwona njiani unakata kona, hupeani naye mkono, humwangalii usoni. Nikasema, "Nimeelewa, Shangazi." Nikakata simu, nikaiangalia Kamongo, na mkono wake wa gia umeinama pembeni kama mtu mwenye usingizi.

Mimi duka langu ni la zana za uvuvi pale Makoko. Nyavu, maboya, ndoano, uzi. Na sisi watu wa ziwani mnatujua, kwetu uzi wa nyavu ndio msumari, ndio gundi, ndio daktari. Mlango ukilegea, uzi wa nyavu. Kiatu kikiachama, uzi wa nyavu. Basi nikafunga duka mchana kweupe, nikatandika turubai nyuma, nikapiga jeki, nikaweka magogo, nikaingia chini ya gari. Bushi zilizolika nikazitoa. Nikachukua boya, lile gumu la plastiki, nikalikatakata kwa kisu nikachonga vipete vya saizi ile ile, nikavitoboa kwa msumari wa moto, nikavipachika, vikakaa kama vimezaliwa pale. Kulikuwa na kipini cha kushikilia ungio lisichomoke, bahati mbaya kikakatika (nilikikata mimi), nikafunga uzi wa nyavu, mafundo juu ya mafundo, fundo ambalo sangara wa kilo nyingi hajawahi kulifungua. Nikashusha gari, nikawasha, nikaingiza gia: tak, tak, tak. Tamu! Nikazunguka nayo mpaka Bweri na kurudi, nikawa naimba. Niliwaza, boya linakaa ziwani miaka, linapigwa na jua na mawimbi na halifi, litashindwa na kijiti cha gia?

Kitu kimoja sikukiwaza. Boya linaishi kwenye maji ya baridi, na chini ya gari hakuna maji, kuna bomba la moshi.

Jumamosi nikafika Bunda nimechomekea, nimepulizia manukato, na zawadi mkononi, shuka jipya, jeupe, zuri, kwa ajili ya Babu (nani alinituma kununua jeupe, jamani, duka lilikuwa limejaa shuka za maua). Shangazi Sabina alikuwa ameshatangulia kwa basi na mizigo. Manesi wakanisaidia kumwingiza Babu, kiti tukakilaza mpaka mwisho, mguu ukanyooka mpaka mbele kule, kichwa kikawa chini ya dirisha hata huwezi kumwona ukiwa nje.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba." Akaangalia dari ya gari muda mrefu. "Hii ndiyo gari?"

"Ndiyo, Babu."

"Nyie watu wa samaki," akasema, halafu akafumba macho. Wakati wa kuondoka nesi akanisisitizia plasta isiguse maji kabisa, na kwamba amempa dawa ya maumivu, atasinzia. Kioo cha upande wa Babu kilikuwa hakipandi, vumbi lilikuwa linaingia, basi mzee akajifunika lile shuka, mwili mzima, mpaka usoni, akalala.

Tukatoka Bunda vizuri. Kwenye lami nikaanza kusikia mkono wa gia umekuwa mlaini. Nikajiambia ni mawazo. Mbele kidogo lori likanipita kwa nguvu, nikataka kushuka namba tatu, sikuipata, nikatafuta, mkono unazunguka tu, gari inapunguza mwendo katikati ya barabara na basi linakuja nyuma linapiga honi kama limechanganyikiwa, na mimi namwangalia Babu shuka linapanda na kushuka, linapanda na kushuka, nikasema Magesa, huyu mzee akiumia hapa huna pa kwenda duniani. Namba tatu ikaingia. Nikapumua. Shati lilikuwa limeshaloa mgongo mzima, nikaapa sibadilishi gia tena mpaka Butiama, hata nikikutana na simba.

Nikapita Kiabakari, nikakata kona kuingia njia ya Butiama kwa hiyo hiyo namba tatu gari inatetemeka, na kwa mbele juu ya vilima wingu la mvua limeshakaa, jeusi, limenuna. Plasta isiguse maji. Kioo hakipandi. Nikakanyaga mafuta. Tulikuwa tumebakiza kipande kidogo sana, bati la boma lao nimeshaliona kwa macho yangu, ndipo kwenye karavati, kidaraja chembamba cha mfereji, nikakutana uso kwa uso na kundi la ng'ombe. Nao ng'ombe wa Mara hawanaga haraka, wala mchungaji wao. Akanipungia fimbo nirudi nyuma wapite. Nikasimama, nikatafuta rivasi, ikaingia bila shida yoyote (ingekataa, jamani, ingekataa tu!), nikarudi nyuma, ng'ombe wakapita, mchungaji akanishukuru, akaenda zake.

Nikataka namba moja. Mkono wa gia ukalala pembeni. Nikauinua, ukalala upande wa pili. Nikauzungusha, ukazunguka kama kijiko kwenye uji.

Nikashuka polepole nisimwamshe Babu, nikaingia chini ya gari na suruali yangu ya kupigwa pasi. Maboya yangu yalikuwa yameyeyuka yamekuwa bigijii iliyotafunwa. Uzi wa nyavu umejikunja ukaungua, ungio limechomoka, giaboksi imebaki kwenye rivasi. Nikajaribu kusukuma kile chuma kwa mkono, bomba la moshi likaniunguza vidole, nikang'ata mkono wa shati nisipige kelele. Nikatoka. Nikampigia Vero, simu inaita haipokelewi. Nikampigia Shangazi, imezimwa. Barabara haina mtu, ng'ombe wameshapotea, na upepo wa mvua umeanza kupiga majani.

Nikarudi ndani nikakaa, nikamwangalia yule mzee amefunikwa shuka, nikaona maisha yangu yote yanaishia kwenye karavati. Nikalia. Siwafichi, nililia na machozi na kamasi, nikaweka kichwa kwenye usukani nikasema na Mungu kwa sauti, maana nilijua Babu amelala. Niliyosema nitawaambia baadaye, si kwa kupenda kwangu.

Nikafuta uso nikafikiri. Gari haiendi mbele. Ila inarudi nyuma. Na boma liko pale, naliona. Basi nikaigeuza kwa rivasi hiyo hiyo, kwa shida, pale pale kwenye nyasi, nyuma ikawa mbele, nikawasha taa kubwa na zile za dharura za kuwaka-zima ili watu wanione, nikatoa kichwa dirishani, nikaanza kwenda Butiama kinyumenyume, polepole sana nisimtikise mgonjwa, injini inalia ng'oooo, na nikiona kuku au mtoto napiga honi ndefu.

Na watu wa kule wana heshima! Ndivyo nilivyowaza. Mama mmoja alikuwa na ndoo kichwani, alipotuona akaitua chini, akashika kifua. Mzee wa baiskeli akashuka, akavua kofia. Pikipiki mbili zilizokuwa zinataka kunipita zikaghairi, zikanifuata taratibu, nazo zimewasha taa, halafu ya tatu, halafu watu wa miguu. Nikasema kumbe Mzee Wambura ni mtu mkubwa hivi, mpaka anasindikizwa. Nikapata hata moyo. Nikawapungia mkono. Hawakunipungia.

Nikaingia boma kwa nyuma, honi moja ya kujulisha kwamba tumefika, na hapo ndipo akili yangu ilipokuja, imechelewa kama kawaida yake. Huku kwetu gari inayoingia bomani kinyumenyume, polepole, taa zinawaka, pikipiki nyuma yake, ni gari ya aina moja tu. Inaingia hivyo ili mlango wa nyuma uangalie nyumba, jeneza lishuke vizuri. Na ndani ya gari yangu mtu wa kukaa haonekani, linaonekana shuka jeupe.

"Uwiiiii! Babaaa!"

Ya kwanza ilitoka jikoni. Halafu zikatoka kila mahali, akina mama wanakimbia wamejishika vichwa, wengine wanajitupa chini, sufuria zinaanguka, mbwa wanabweka, na mimi najaribu kusema, "Jamani hajafa! Hajafa!" lakini nani atanisikia? Mwenye mbio kuliko wote alikuwa mama yake Vero. Kitambaa kimeanguka kichwani, analia, na anakuja upande wangu, upande wangu mimi ambaye hata uso wake sitakiwi kuuangalia, akaingiza mikono dirishani akanikaba kola.

"Umetuulia mzee! Umetuulia mzee na hicho kijeneza chako chekundu!"

Nikafumba macho. Si kwa woga, ni kwa adabu, mama mkwe humwangalii akiwa kichwa wazi. Nikasikia mwanaume anasema, "Angalieni, hata macho hawezi kufumbua, dhambi inamsuta." Nikayafumbua kidogo upande wa pili. Vijana wa boma walikuwa wanakuja na fimbo, zile nene za kuchungia. Nikavuta pumzi nipige kelele moja ya mwisho, ya kuokoa maisha yangu.

Mkono ukatoka chini ya shuka, ukanishika kifundo cha mkono.

"Nyamaza," akasema Babu.

"Babu, wananiua..."

"Nyamaza, nimesema. Nataka nisikilize."

Jamani. Jiwekeni kwenye kile kiti. Kulia kwangu kuna mama mkwe ananinyonga, mbele kuna fimbo, kushoto kuna maiti ananiambia ninyamaze, na jibu langu liko mdomoni mwa huyo maiti. Nikifungua mdomo nimemvunjia mzee neno lake. Nisipofungua, nitapigwa mpaka nifanane na boya langu. Nikaufunga. Fimbo ya kwanza ikatua kwenye boneti, gari ya marehemu baba mdogo, nikaisikia kwenye mbavu zangu. Na yule mzee katulia tuli chini ya shuka, anasikiliza nani analia kwa sauti gani.

Ndipo akafika Baba Mkubwa, kaka mkubwa wa marehemu baba yake Vero, mtoto wa kwanza wa Babu, mtu wa amri. Akainua mkono, vilio vikapungua. "Acheni kwanza huyo wa samaki, tutamalizana naye," akasema. "Tumpokee mzee. Nyie leteni mkeka. Na nyie wawili nendeni zizini mkalifunge lile dume la madoa. Ndilo lililomuua baba, na waombolezaji watakula nini? Lichinjwe sasa hivi."

Shuka likanyanyuka.

"Nani kasema dume langu lichinjwe?"

Mimi ukimbiaji nimeuona, ila ule wa siku ile sijauona tena. Vijana wenye fimbo walitupa fimbo wakapita juu ya ua wa katani. Pikipiki za msafara ziligeuka zikagongana. Baba Mkubwa, mtu wa amri, nilimwona mgongo tu unaishia kwenye shamba la mihogo. Waliobaki walibaki kwa sababu miguu ilikataa. Na mama mkwe wangu, ambaye alikuwa bado ameshika kola, alitoa sauti ndogo hivi, akazimia, nusu ndani ya dirisha, kichwa begani kwangu, na mimi nimemkumbatia asidondoke. Mkwe kamkumbatia mama mkwe, mbele ya ukoo. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze na Kamongo yangu.

Wakarudi mmoja mmoja, wa kwanza Shangazi Sabina, anacheka na kulia kwa wakati mmoja, akamchukua wifi yake begani kwangu bila kuniangalia. Babu akabebwa mpaka barazani, plasta kavu kabisa, na hapo hapo mvua ikashuka, tukajibana wote chini ya bati, mimi nimesimama mwishoni kabisa matone yananipiga bega, hakuna anayetaka kunisogelea. Kwenye mlango wa jiko nikamwona Vero. Hakuwa anacheka.

"Wewe wa Makoko," Babu akaita. "Kwa nini umeniingiza kwangu kama maiti?"

Nikaeleza. Bushi, fundi, Tarime, karavati. Nilipofika kwenye boya akanisimamisha.

"Boya."

"Ndiyo, Babu."

"La kuvulia samaki."

"Ndiyo, Babu. Na uzi."

Baba Mkubwa, bado ana majani ya mihogo kichwani, akasema, "Baba, tusipoteze muda. Mtu aliyetufanya tumlilie mtu hai hatufai. Arudishiwe posa yake." Watu wakaguna kukubali, na mama mkwe ndani akaguna kuliko wote. Nikamwangalia Shangazi, Shangazi akaangalia chini. Nikajua yameisha.

"Nilisema nitamwangalia," akasema Babu. "Leo nimemwangalia. Kijana, pale gari ilipokufa, ulisema nini?"

"Babu, ulikuwa umelala..."

"Mguu umevunjika, masikio mazima. Wewe ulikuwa unaongea na Mungu. Ulimwambia nini? Sema wasikie."

"Babu, nakuomba..."

"Sema."

Basi nikasema, mbele ya ukoo, mbele ya watu wa pikipiki ambao hata siwajui, ile besi ya kwaya sijui ilikwenda wapi: "Nilisema, Mungu wangu, chukua gari. Chukua na duka ukitaka. Ila usinichukulie Vero."

Hakuna aliyeguna. Kwenye mlango wa jiko Vero akajifunika uso kwa kanga. Babu akajikuna juu ya plasta, akawaangalia wanawe mmoja mmoja, akamkazia Baba Mkubwa zaidi.

"Nimelala chini ya shuka nikasikiliza vilio vyote vya leo," akasema. "Huyu peke yake ndiye aliyelia akidhani hasikiwi na mtu. Na nilipomwambia nyamaza, alinyamaza na fimbo zinamjia. Nyie mnataka dume langu." Halafu akanigeukia. "Mungu yuko mbali, hatakuja leo kuchukua gari. Niachie mimi. Duka baki nalo. Mjukuu wangu atakula nini?"

Sikuelewa mpaka Shangazi Sabina alipopiga kigelegele. Halafu wakapiga wote, akina mama wale wale, kwa midomo ile ile. Nikalia tena. Safari hii hadharani, sikujali.

Tulifunga ndoa, Vero na mimi, na siku ya harusi nilikuja kwa miguu toka barabarani, ukoo ulikataa kuniona nikiingia na chochote chenye usukani. Kamongo bado iko Butiama, pale pale nilipoizima, kuku wanataga chini yake, na Babu mguu ulishapona ila mchana anakwenda kulala kwenye kile kiti, redio imewashwa, dume la madoa limefungwa karibu anaongea nalo. Mama mkwe mpaka leo akiniona anakata kona, safari hii kwa mbio.

Zile bushi za Mwanza zilifikaga, mpya, kwenye kipakiti chake. Nikampelekea Babu kwa matumaini, nikamwambia labda nizifunge gari ianze kutembea, hata nikiazima siku moja moja. Akazipokea, akazigeuza kiganjani, akaniuliza, "Na hizi zilikuwemo kwenye sala?"

"Hazikuwemo, Babu."

"Basi rudi nazo."

Ziko dukani kwenye droo. Na mteja akija kuniuliza boya gumu, siku hizi namuuliza kwanza ni la kufanyia nini, na asiposema nyavu, simuuzii.